Chumba Kilichohamishwa

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na hakuna kinachonikasirisha kama kuona mtu anatupa kitu kizima. Kazi yangu ni kushona nguo, na katika chumba changu cha kushonea hakuna kipande cha kitambaa kinachokwenda jalalani. Vikubwa vinakuwa mifuko, vidogo vinakuwa mazulia, na vile visivyotosha hata kufunga kidole navijaza kwenye mito. Mume wangu husema siku nikifa nitadai nizikwe kwenye jeneza lililokwisha tumika. Namwacha aseme. Miaka kumi tumeishi hivyo, wawili tu, na hajawahi kukosa mto wa kulalia.

Mama yangu alikuwa anaishi peke yake kwenye ghorofa ya tatu, na magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi. Nilimwahidi kumjengea chumba uani kwangu, ahamie, tukae wote. Ila nilikula kiapo kwamba chumba hicho hakitakuwa na mti uliokatwa kwa ajili yake wala tofali lililochomwa kwa kuni. Udongo uliotoka kwenye shimo la tangi la maji ya mvua ndio ungekuwa matofali, ya kushindiliwa na kukaushwa kwa jua. Mlango, dirisha na mbao zingetoka kwenye nyumba zinazobomolewa. Ni maneno mazuri kuyasema mezani. Kuyatenda kulinichukua miaka mitatu, kwa sababu kila ubao nilioletewa niliutia dosari: huu umeliwa na mchwa, huu umepakwa rangi yenye sumu, huu mfupi. Kila nilipokwenda kumwona, mama aliniuliza, "Sindano, chumba kimefika wapi?" Sindano ndiye mimi, jina la utani la tangu utotoni, nilipokuwa mwembamba wa kupenya kwenye uzio. Nilimjibu, "Mwakani, mama." Nikamjibu hivyohivyo mwaka uliofuata, na uliofuata tena.

Aliyenitoa kwenye mkwamo ni rafiki wa mume wangu, fundi ambaye kila mtu anamwita Fundi Namba. Kazi yake ni kuondoa nyumba kuukuu, lakini hatumii mashine wala nyundo kubwa. Yeye anazifungua. Anang'oa ubao mmoja mmoja, anauandika namba upande wa nyuma kwa rangi nyeusi, kisha anachora kwenye daftari lake ubao huo ulikuwa umekaa wapi na ulipakana na upi. Msumari uliopinda anaunyoosha juu ya jiwe na kuutia kwenye kopo lenye namba ya ubao wake. Mafundi wenzake wanamcheka mpaka machozi yanawatoka, lakini mbao zake hazipasuki.

"Shemeji," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni na vumbi hadi kwenye kope, "nimekupatia chumba."

"Mbao?"

"Chumba. Kuna nyumba inaondolewa kupisha barabara. Chumba chake cha mbele hakijaguswa na mchwa hata kidogo. Sakafu ya mbao ngumu, dari, mlango, dirisha la mabawa mawili. Kuta ni za udongo. Ukikubali, nitauloweka ule udongo nikupigie lipu."

Nilienda kukiona, na hapo ndipo akili iliponiruka. Sakafu ilikuwa imesuguliwa na nyayo mpaka inang'aa. Dirisha lilitazama barabara, na mbele yake palikuwa na benchi fupi lililopigiliwa sakafuni, limebonyea katikati kwa kukaliwa. Hakukuwa na rangi ya sumu, hakukuwa na mchwa. Nilizunguka nikigonga ubao baada ya ubao kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Nikupangie kama kilivyokuwa," Fundi Namba aliniuliza, "au nikate nitakavyo?"

"Kama kilivyokuwa," nilisema. "Usipoteze hata msumari."

Nilikuwa nawaza mabaki. Kukata kunazaa vipande, na vipande ni taka. Sikuwaza kingine chochote.

Alimaliza kwa wiki sita. Kuta za nje zilikuwa matofali yangu, lakini ndani, kuanzia lipu mpaka dari, kilikuwa chumba kilekile. Kitu kimoja tu hakikunipendeza: dirisha na benchi lake vilitazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu kutoka pale. Nilimwambia avigeuze vielekee uani, mama apate cha kuangalia.

"Namba hazigeuki, shemeji," alinijibu, na jinsi alivyokunja uso nikaona bora nifyate ulimi.

Mama alihamia Jumamosi asubuhi. Alivua viatu, akapita juu ya zile mbao pekupeku, akakaa kwenye benchi na kushusha pumzi. "Sindano, kweli umenijengea," alisema. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi, kumbe nalia kwa furaha.

Wiki ya kwanza niliona vitu vidogo. Mama akiingia chumbani, mkono wake ulikwenda ukutani upande wa kushoto, usawa wa bega, na kidole kikabonyeza lipu tupu. Swichi iko kulia. Nilidhani ni mazoea ya kule ghorofani, mpaka nilipokumbuka kwamba kule pia ilikuwa kulia. Halafu kulikuwa na ubao wa nne kutoka mlangoni. Mama, na magoti yale, aliuvuka kwa hatua ndefu kila mara.

"Unaruka nini, mama?"

"Ubao huu unalia."

Niliukanyaga. Haukulia. Niliurukia kwa miguu yote miwili, na ulikuwa kimya, umepigiliwa sawasawa na misumari yake yenyewe.

Wiki ya pili alianza kusalimia watu dirishani. Niliingia nikamkuta amepunga mkono kuelekea ukuta wa jirani, uso umechangamka. "Haya, nisalimie nyumbani!" alisema.

"Mama, unamsalimia nani?"

"Yule wa baiskeli. Hupita kila siku saa hizi."

Nilichungulia. Kulikuwa na ukuta, na mjusi mmoja juu yake. Nilimweleza mume wangu, akasema labda mjusi amenunua baiskeli. Nilicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Wiki ya tatu nilimpelekea chai. Alikuwa kwenye benchi, mkoba wake umefungwa na kuwekwa miguuni.

"Asante, dada," alisema. "Weka hapo."

"Dada? Mama, ni mimi."

Aliniangalia kwa upole, ule upole ambao mtu humpa mfanyakazi wa nyumba ya watu. "Mwanangu akija, dada, mwambie niko tayari. Asipate shida ya kunisubiri."

Mama yangu ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa ameshika sinia. Nilimshika mkono nikamwambia twende tuote jua kidogo. Alinifuata shingo upande. Mguu wake ulipovuka kizingiti, aligeuka akanitazama usoni. "Sindano, mbona mikono yako baridi hivi?"

Nilimrudisha ndani makusudi. "Asante, dada," akasema. Nikamtoa tena, akaniuliza kama nimerukwa na akili, namvutavuta kama mkokoteni. Jikoni alikumbuka kila kitu, hadi sufuria niliyoiunguza nikiwa darasa la tatu. Daktari tuliyempelekea alimuuliza maswali mengi, mama akayajibu yote na kumwonyesha kwamba kalenda yake ya ukutani imekosewa. "Mama huyu yuko timamu kuliko mimi," daktari alisema. Na alikuwa timamu. Ilikuwa ni ndani ya chumba kile tu ambapo mimi nilikuwa mtu baki.

Tulimhamishia mama chumbani kwetu. Kila asubuhi tulimkuta kwenye benchi. Mume wangu aliacha utani, na hilo lilinitisha kuliko yote. Ilifika mahali mama akakataa kabisa kutoka. "Nikitoka atanikosa," alisema. Chakula alikisogeza pembeni: "Nitakula naye akija." Mimi ni mshonaji, sihitaji mizani kujua mtu anaisha. Katika mwezi mmoja nilipunguza gauni lake mara mbili, vidole vinne kila upande. Nilijua kabisa kwamba mama yangu ananifia mikononi, huku akiningojea, huku ananiangalia.

Siku moja nilimshawishi akubali nimwogeshe kwa beseni nyuma ya pazia, kwenye kona ya chumba. Alipokuwa anajikausha, nilikaa kwenye benchi lake na utepe wa kupimia, nimkatie pazia la dirisha. Nilipima upana. Nilikuwa napima urefu nilipojikuta nimetulia, utepe umelegea mapajani, na rohoni donge. Nilikuwa nawaza: na leo tena hatakuja, mtoto huyu, na aliniahidi. Mbele yangu hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na vumbi jekundu linapanda, na mwanga wa alasiri, na watu wakipita ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Nilimngoja kwa uchungu ambao sijawahi kuujua.

Mimi sijajaliwa mtoto. Nilipokumbuka hilo niliruka kutoka pale kama aliyekalia kaa la moto.

Nilimkuta Fundi Namba kwenye uwanja wake, ananyoosha misumari. Nilimweleza yote bila kumeza mate. Hakunicheka. Alifuta mikono, akaleta daftari, akafungua ukurasa wa chumba changu.

"Aliishi mama mmoja," alisema. "Majirani walinisimulia wakati nafungua nyumba. Binti yake alimwahidi kuja kumchukua wakaishi wote. Alimngoja miaka kumi na moja. Mwishoni alikuwa hatoki hata kuota jua, asije akamkosa."

"Na binti?"

"Hakuna aliyemwona."

"Huyo mama alifia wapi?"

Aliweka kidole kwenye mchoro, juu ya benchi.

Hasira zilinipanda. "Na ukaninyamazia! Ukanijengea chumba cha marehemu, kipande kwa kipande, hadi lipu, na mama yangu ukamkalisha humo!"

"Uliniuliza mchwa, shemeji," alisema taratibu. "Uliniuliza rangi. Hukuniuliza mtu. Mimi nilirudisha kila kitu mahali pake. Ndiyo kazi yangu."

Nilimwambia aje akifungue, na safari hii achanganye namba zote.

Alikuja kesho yake mchana, jua likiwa utosini. Mama hakutaka kutoka. Mume wangu alimbembeleza, kisha akamshika kwapani amnyanyue, na hakunyanyuka. Fundi Namba akamsaidia. Wanaume wawili wazima, na mama amebaki ngozi na mifupa, lakini hawakuweza kumtenga na benchi lile hata kwa unene wa kitambaa. Jasho liliwatoka. Mama aliwaangalia tu, kwa adabu, kama wageni waliokosea nyumba.

"Anza kufungua hivyohivyo," nilimwambia fundi. "Anzia mlangoni."

Alichomeka patasi chini ya ubao wa kwanza na kuuinua. Mama alishika kifua, mdomo wazi, pumzi haipandi wala haishuki. Midomo yake ilibadilika rangi. Fundi Namba aliurudisha ule ubao haraka, akaupigilia kwa ngumi tupu, na pumzi ya mama ikarudi.

"Siwezi, shemeji," alisema, akiweka patasi chini. "Akiwa humu, siwezi."

Niliwafukuza wote wawili. Nilitoka nyuma yao, nikaufunga mlango, nikasimama pale kizingitini na jua likinichoma utosi. Kama hawezi kutoka mpaka binti yake aje, basi binti atakuja. Niliutunga uongo palepale: kazi ya mbali, ugonjwa, barua zilizopotea. Nikapiga moyo konde, nikagonga.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

Ndani hakukusikika hata ubao kulalamika.

"Pita," sauti ilisema.

Alikuwa ameketi vilevile, lakini ameligeuzia dirisha mgongo. Aliniangalia kuanzia miguuni, akapanda polepole mpaka usoni.

"Umekawia," alisema.

"Nimekawia, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Sijui ulikwenda wapi. "Nilikuwa nachagua mbao," nilisema, na nikajisikia napiga magoti. "Kila ubao niliuona una kasoro. Nilitaka chumba cha watu kuja kukisifia, waseme huyu ameweza. Nilijua uko peke yako, nilijua huwezi ngazi, na nikasema mwakani. Kitanda kilikuwepo, mama. Ungelala hata kwenye chumba changu cha kushonea. Nilikuacha makusudi." Nililia mpaka kamasi, kama mtoto aliyechapwa.

Mkono ulishuka kichwani kwangu. "Basi," alisema. "Twende."

Alisimama bila shida yoyote. Nilimshika mkono kwa mkono wangu wa kulia, tukatembea. Aliuvuka ule ubao wa nne, akakifikia kizingiti, akakivuka, akasimama juani akipepesa macho.

"Sindano," alisema. "Nina njaa."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilimkumbatia, nikausikia uti wa mgongo wake chini ya gauni nililolipunguza kwa mikono yangu, nikamwambia twende jikoni sasa hivi. Lakini hakusogea. Alikuwa anaangalia nyuma, ndani ya chumba.

"Na mwenzangu?"

"Mwenzako gani, mama?"

"Mwenye chumba. Si tulikuwa tumeshikana mikono muda wote huo? Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia nivumilie." Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza. "Amesikia hodi yako akadhani ni yake. Amesimama hapo mlangoni. Anakuangalia."

Nilitazama. Kulikuwa na sakafu inayong'aa, benchi tupu, na jua limelala juu ya mbao. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilitaka kuubamiza mlango ule, nimwage mafuta ya taa, nichome kila namba mpaka iwe jivu, na hakuna ambaye angenilaumu. Mama yangu nilikuwa nimeshampata. Lakini maneno yale, nimekuja kukuchukua, niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, mlangoni pa chumba ambamo mtu aliyangoja miaka kumi na moja. Mama hakunihimiza. Alisimama tu akiningojea, na kungojewa ni kitu ambacho sikuwa na nguvu tena ya kukibeba.

Nilinyoosha mkono wa kushoto, nikauvusha kizingiti, nikaukunjua mahali pasipo na mtu.

"Na wewe, mama," nilisema, sauti ikitoka nusu. "Samahani kwa kukuweka. Twende wote."

Kitu kikavu, chepesi kama ganda la kitunguu, kiliingia kiganjani mwangu. Kisha kikajikunja, kidole kimojakimoja, kikanishika.

Sikuangalia upande huo. Tulivuka ua polepole, kwa sababu mmoja alikuwa na magoti mabovu na mwingine alikuwa hajatembea siku nyingi. Fundi Namba, aliyekuwa ameegemea tangi, alijibanza akatupisha, na nafasi aliyotuachia ilikuwa pana kuliko ya watu wawili.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi, kisha macho yake yakahamia upande wangu wa kushoto na kukaa hapo. Nilimngoja aseme neno, hata la utani. Aligeuka akaingia ndani, na nikasikia miguu ya viti ikiburutwa sakafuni.

Nyumba yetu ina viti vitatu tu. Tulipoingia, vyote vilikuwa vimesogezwa mezani, na yeye alikuwa amesimama kando, akimimina chai.